Mlango wa Kiini

Mama mdogo Hadeel,

Shikamoo. Hili sijamwambia mtu: programu iliyomwingiza kaka Imad kwenye fainali za mashindano ya programu Nairobi niliiandika mimi, kwa kompyuta uliyoniletea.

Ni mlango wa kupitishia data kutoka programu za kawaida hadi kwenye kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta. Wengi hukagua data kwanza, kisha ndipo huinakili. Hapo katikati mwenye hila huibadilisha, na kiini humeza sumu. Mimi hunakili kwanza, halafu nakagua nakala yangu, ambayo hakuna wa nje anayeweza kuigusa.

Mwalimu Menza wa shuleni aliipitia ikiwa na jina langu. Mtandao hapa Junda ulisumbua, nikampa Imad akaitume mjini. Akaweka jina lake.

"We waona haya hata kusalimia wageni," akanicheka, "utasimama mbele ya majaji wewe?"

Mama akapika biriani ya kumpongeza.

Twashukuru, sote wazima. Paka amezaa ndani ya kabati la Baba.

Imad asafiri kesho, na kazi yenyewe haielewi. Nasikia ndara zake.

"Salsabil! Hebu nieleze tena ile ya kunakili!"

Naificha karatasi hii. Leo, wallahi, namfundisha makosa, akague kwanza ndipo anakili, na nitamfundisha kwa upole.