Muchanga Uliotuletea

Hewa Bora, Lubumbashi

Yaya Anaclet,

Telefone yako haiingie, njo maana ninamupa shofere wa Kipushi hii barua. Tumbo ya mutoto wako Kiki imepoa, ao bado munamupa dawa ya minyoo? Huku mboga yetu ya lengalenga imekomaa, na ule muchanga uliotuletea kutoka machimbo ya zamani umemaliza kabisa matope mu lupango, hapa mbele ya nyumba. Bajirani banatuonea wivu.

Lakini kuku zangu zimekufa zote, yaya. Zilikuwa zinatembea sawa walevi, mabawa chini, mavi ya kijani. Nilisema ni ule ugonjwa wa kila mwaka. Bantu wengine walisema ni uchawi.

Jana muganga wa nyama, ule wa mifugo, alipasua kuku ya mwisho mbele yangu. Firigisi ilijaa muchanga wetu, wa kijivu, unang'aa. Akaniuliza tuliutoa wapi. Nilipomuambia, alienda kunawa mikono, akarudia kunawa tena.

"Mama Edith, hii si ugonjwa wa microbe. Ni plomb, ile madini ya risasi, sumu ya mu majiwe ya mugodi. Batoto wanachezeaka hapa?"

Nilimujibu mimi sina mutoto. Nikakaa chini, nikasimama mbio, sababu chini pote ni ule muchanga. Njo nikakumbuka ulisema kwako muliumwaga hata mbele ya mulango, Kiki akafurahi sana.

Yaya, muache dawa ya minyoo. Mumupeleke leo akapimwe damu.

Mudogo wako,
Edith