Kuku Wawili Niliowanyamazia

4 Machi

Mwanangu,
Huko mzima? Kifua kimeachia? Mimi nipo, miguu tu ndiyo inanikumbusha umri. Mwenzako wa kazini alifika jana na daftari lake, yule mrefu wa viatu vya kung'aa. Anakusanya hadithi za lile pipa la mahindi mliloniletea, na vidonge vyake vya kuua wadudu. Nikamwambia tangu lije sijaona mdudu hata wa kutafuta kwa tochi. Akaandika mpaka jasho likamtoka. Usihofu baba, sikukuaibisha.
Unakula lakini?
Mama yako

21 Machi

Shikamoo mama,
Kifua kimepona, nakula. Mama, hadithi yako imeshinda! Tulipeleka mapipa ya aina tatu sehemu tatu. Kisha tukakaa mezani, tukasoma hadithi za watu, tukanyoosha mikono kuchagua pipa moja. Mkubwa wetu anasema ndivyo viumbe walivyo: wanatofautiana, anayefaa anabaki na kuzaa, asiyefaa anapotea mwenyewe. Basi pipa lako ndilo litakalozaa. Mapipa mia nne! Na ya kwanza yanakwenda kijijini kwa dada. Nilijivuna mpaka wakanicheka.
Mwanao

29 Machi

Mwanangu,
Salamu nyingi. Sikusema yote. Wiki ile nilipotia vidonge, kuku wawili waliolala chumba cha pipa walikufa. Nami nikatapika siku tatu, kichwa kama kinapasuliwa kwa shoka. Nikalisukuma pipa nje bandani, nikapona, nikanyamaza. Niliogopa waseme mama yako mzazi analeta maneno, ukafukuzwa kazi.

Mimi shule niliishia la pili, lakini mbegu za maharage nachagua kila mwaka. Sitazami shina lililozaa tu. Lililokufa nalo naling'oa, nione mizizi imepatwa na nini. Nyie waliokufa mnawauliza saa ngapi, kama hadithi yao hainyooshewi mkono?

Dada yako ana chumba kimoja. Kifaranga wangu, mjukuu wangu wa pekee, analala palepale kwenye nafaka. Simu ya mama yake imekufa, yako haipatikani, na daraja la huku kwetu limechukuliwa na maji, la sivyo ningekwenda hata kwa kutambaa. Wahi wewe, baba. Wahi.
Mama yako

17 Aprili

Shikamoo mama,
Nilikuwa safarini, barua yako nimeikuta leo mezani. Nimekimbia nayo kwa mkubwa. Amesema uchaguzi umeshafungwa, hadithi hii ya pili isubiri mwakani. Mapipa yaligawiwa juzi. Natoka na basi la alfajiri.
Mwanao

12 Mei

Mwanangu,
Sijui nikuulize hali kwa mdomo gani. Nimefika kwa dada yako siku ya nane baada ya mazishi, daraja lilipotengenezwa. Nimeambiwa ulishuka kwenye basi ukakuta jeneza, ukalibeba peke yako, lilivyo dogo, ukazika, ukarudi mjini siku ileile. Kandambili zake bado ziko chini ya kitanda. Hakuna anayezigusa.

Mwenzako wa daftari alikuja juzi. Akamwomba dada yako hadithi ya pipa. Dada yako akamwonyesha mlango. Akaandika "hakuna hadithi", nikamwona, maana hilo hata mimi naweza kulisoma. Nikamwita, "We kijana, rudi ukae. Ipo." Nikamsimulia kuku, kutapika, kunyamaza kwangu, na mtoto. Akafunga daftari taratibu. "Bibi, hii nzito. Sijui kama itapita."

Sasa nisikilize. Siku ya kunyoosha mikono uwe chumbani humo. Usiseme "kuna mama mmoja". Sema ni mama yangu. Sema alidanganya kwa ajili yangu. Aibu yangu uibebe mpaka mezani, uiweke katikati waione. Wasiponyoosha wao, nyoosha wako, na usiushushe mpaka mapipa yatolewe vyumbani mwa watu.

La dada yako tumelitupa. Yamebaki mia tatu tisini na tisa.
Mama yako