Usimuulize Mbele ya Baba Mkwe

Moraa mjukuu wangu,

Huku Birongo tu wazima, na ndizi zimezaa. Anayeandika ni shangazi yako. Maneno ni yangu.

Unasema chuo kinakutuma kwa wajane kuhusu mashamba, na unataka kujua uanze na swali gani. Swali!

Babu yako alipofariki, nilikuwa bado kijana. Alikuja mtafiti mmoja, akaniketisha mbele ya baba mkwe, aliyekuwa ameshampa shemeji shamba langu la majani chai. Kwetu mke wa mwana hampingi baba mkwe usoni. Heshima hiyo tunaiita ensoni.

"Mama, umeridhika na vile shamba limegawanywa?"

Nikainamisha kichwa.

"Ameridhika," akasema mtafiti, akaandika.

Nimeridhika na nini? Mtu mzima, na viatu vyake vya kung'aa! Angenifuata kisimani, ningeongea mpaka mkono wake uchoke. Vile nilivyolirudisha shamba ni hadithi ndefu.

Wewe tazama kwanza nani ameketi karibu na mjane. Shika jembe, mlime pamoja. Na mjane akinyamaza, mwanangu, usimjibie.

Kula ushibe huko.

Nyanya yako