Kadi ya Jina Moja

Jumatatu, 7 Machi

Kidonda cha mguu cha binti yangu Neema, asubuhi kama kawaida. Maji ya chumvi, pamba, bendeji niliyoichemsha jana. Usaha umeongezeka. Kimetoka pia kipande cha mfupa, kidogo kama punje ya mchele. Nimekifunga kwenye karatasi na kukitupa chooni kabla hajakiona. Ana miaka tisa, na siku hizi halii tena nikimwosha. Hilo silipendi.

Kisha kazini, kituo cha afya. Malaria, malaria, kikohozi, mama mmoja kajifungulia njiani. Mvua tangu saa nne.

Mhasibu wa mradi unaotulipa amefika kutoka Masisi kwa pikipiki, tope hadi magotini. Ametukusanya wauguzi wote wanne. Primu zetu, ile posho ya kila miezi mitatu, si lazima tena zipitie akaunti ya benki. Anayetaka atapewa kadi yenye jina lake, mradi utatia hela humo, basi. Tuchague kabla mwezi haujaisha. Wenzangu watatu waliinua mikono kabla hajamaliza kusema. Mimi nimesema nitafikiri. Wamenicheka. Nimecheka nao.

Jumatano, 9 Machi

Niandike ukweli, maana daftari hili halina msomaji mwingine.

Akaunti si yangu. Ni ya Etiene. Tulipooana primu yangu ilielekezwa kwenye akaunti ya mume, kama za wanawake wengi wa hapa Nyabiondo, na hakuna aliyeona ajabu. Yeye aliweka sahihi, yeye alitoa, alileta nyumbani. Alileta kweli. Miaka minane tuliweka akiba bila kugombana.

Mwaka juzi, Oktoba, aliondoka kwenda kwao Itebero kuangalia mashamba ya marehemu baba yake. Hakufika. Hakurudi. Miezi kumi na saba sasa.

Na primu yangu bado inaingia kwake. Siwezi kuigusa. Ningeweza kuwaandikia mradi waniondoe huko. Sikuandika. Kitabu cha hundi alikwenda nacho, na nilijiambia kwamba kama amefungwa mahali, au anaumwa mahali, kuna kitu cha kumlisha. Nimekula maharage ya shamba miezi kumi na saba ili nimlishe mtu nisiyejua kama bado ana kinywa.

Sijawahi kufika dirishani benki kuuliza kama kuna kilichotoka. Nauli si sababu. Naogopa.

Jumamosi, 12 Machi

Nimemfuata mhasibu parokiani, anakolala. Nimemuuliza maswali hadi akaacha kunywa chai yake. Je, kadi inaweza kukaa mahali pa akaunti kabisa? Amejibu kwa uvumilivu. Haihitaji sahihi ya mume. Hakuna foleni. Unaificha ndani ya Biblia, ukifika kwenye kizuizi cha barabarani askari anaona Biblia tu. Unatoa hela kwenye duka lenye mashine, Masisi, na mwenye duka anakata kidogo. Ikipotea unasubiri nyingine, labda mwezi mzima.

Nikauliza kama inaweza kunikopesha. Mtoto ana mfupa uliooza, nikamwambia, na primu ijayo ni Juni.

“Hapana, mama. Ile karte haiko banque, iko mufuko tu. Kama hawajaweka kitu ndani, hautatoa kitu.”

Nashukuru hakunidanganya. Wenzangu wawili tayari wamepata kadi zao na wameandika namba ya siri juu ya kadi yenyewe, kwa kalamu ya bic, ili wasisahau. Wauguzi wa serikali hao.

Alhamisi, 17 Machi

Hospitali ya Kirotshe. Siku nzima kwa pikipiki, Neema katikati yangu na dereva, mguu umefungwa kwenye ubao. Hakulalamika. Picha imeonyesha nilichokijua tangu Januari. Mfupa umekufa ndani, wapasue, wakwangue, wasafishe. Daktari ni kijana, mpole. Amesema tuna wiki nne. Baada ya hapo atakata chini ya goti, na hatalaumiwa na mtu.

Hospitali inataka malipo kabla. Si kosa lao, dawa wananunua.

Mimi ni muuguzi. Nilikuwa najua. Nimekaa na mguu huu miezi miwili nikiuosha kwa chumvi kwa sababu dawa yake iko kwenye akaunti ya mtu asiyekuwepo.

Ijumaa, 18 Machi

Nimempigia mhasibu. Alifanya kazi benki kabla ya mradi, anazijua taratibu. Akaunti ya Etiene hufunguliwa na watu wawili tu: Etiene mwenyewe, au mjane wake. Mjane aje na cheti cha kifo na barua ya ukoo. Kilichomo kinaweza kuhamia kwenye kadi siku hiyohiyo.

Basi swali langu la kadi limekwisha. Nililiona dogo. Kumbe kadi haiwezi kupata kitu mpaka Etiene afe.

Jumapili, 20 Machi

Papa Deo, kaka mkubwa wa Etiene, amekuwa akinipigia tangu mwaka jana. Anataka tumlilie ndugu yake. Kwao Itebero, huko Walikale, mtu aliyepotea bila mwili huzikwa kwa mgomba. Wanakata shina la mgomba, wanalivika nguo zake, wanalitia kaburini, watu wanalia, mambo yanakwisha. Mara tatu nimekataa. Mara ya mwisho nilimkatia simu.

Leo nimempigia mimi. Sikusema habari ya hela. Nimesema tu niko tayari.

“Asante, mama Neema. Muntu mwenye hajaliliwa hawezi pumuzika. Na sisi ndio tulikuwa hatupumuziki.”

Nimejisikia mwizi. Mama yangu amesema atampeleka Neema Kirotshe wanisubiri huko, na kwamba nisirudi na huruma badala ya karatasi. Mama yangu hana maneno ya kuzunguka.

Mhasibu nimemwambia ndiyo, kadi. Nitaichukua Goma.

Jumamosi, 26 Machi

Itebero. Siku nne za msitu kwa mguu na kipande cha mwisho kwa pikipiki. Kucha mbili za mguu zimetoka. Njia ile ndiyo alipaswa kupita yeye. Kila kijiji niliuliza, nikitaja jina lake, kimo chake, kofia ya buluu. Hakuna aliyemwona. Sijui kwa nini niliuliza, nami nakwenda kumzika.

Wamenipokea vizuri kuliko ninavyostahili. Maji ya moto, sombe ya majani ya muhogo, nyama ya msituni. Mama mkwe hajui tena majina ya watu. Ananishika mkono tu.

Jumatatu, 28 Machi

Asubuhi walileta mgomba. Papa Deo aliniuliza urefu. Wao walimjua mtoto, akasema, mimi ndiye niliyemjua mtu mzima. Nikanyoosha mkono juu ya kichwa changu, nikaonyesha palepale nilipokuwa nikimfikia. Wakakata hapo.

Nikalivika shina shati lake jeupe la kanisani. Vifungo vilinishinda, shemeji yangu akamalizia. Wifi zangu wakaninyoa nywele zote kwa wembe mmoja mpya. Katekista alisimama pembeni kidogo wakati wa mambo ya wazee, kisha akasogea akaomba ya kwake. Hakuna aliyegombana.

Nilidhani nitaigiza. Sikuigiza. Waliposhusha lile shina na shati likashika udongo, nililia hadi nikatapika. Nimelia miezi kumi na saba mara moja. Papa Deo alianguka chini kabisa, mzee mzima, wakambeba.

Nina amani. Naona aibu kuiandika, lakini ninayo.

Jumanne, 29 Machi

Chifu wa kijiji ameandika cheti. Akauliza tarehe ya kifo tuweke ipi. Wazee wakasema ya jana. Kwao mtu amekufa siku aliyoliliwa, kabla ya hapo yuko safarini tu. Chifu akaandika ya jana, akapiga muhuri. Barua ya ukoo wameisaini wanane, wengine kwa dole gumba. Papa Deo hakudai hata kuku. Niliposema patakuwa na hela kidogo benki, alisema zitibu mtoto, za nini nyingine.

Kesho lori la Bukavu, kisha boti ya Goma.

Alhamisi, 7 Aprili

Goma. Nilifika benki saa mbili, nimefunga kitambaa juu ya upara wangu. Kadi nikapewa kwanza. Ndogo, nyepesi, jina langu peke yake, bila la mume. Nilikaa nayo kwenye foleni nikiigeuzageuza.

Dirishani mama mmoja wa umri wangu. Akasoma barua, akasema pole, akatafuta akaunti, akanitolea karatasi ya mienendo yote ili nisaini kwamba nimeiona. Nikaanza kuisoma kutoka chini. Primu zangu, moja baada ya nyingine, zote zipo. Hakuna kilichotoka. Hakuna. Moyo ukaanza kutulia. Kweli amekufa, nikawaza. Tulizika vizuri.

Kisha mstari wa mwaka jana, Machi. Miezi mitano baada ya kuondoka kwake. Hela zimetolewa, tawi la Kisangani.

Nikamwomba mama yule anihakikishie ni nani. Akaita picha ya hundi kwenye mashine yake, akanigeuzia kioo. Sahihi ya Etiene. Ule mkia anaouvuta kwa kiburi chini ya jina. Namba ya kitambulisho chake. Haikuwa ya kughushi, ninaijua kama sauti yake.

Furaha ilinipanda. Niiandike, kwa sababu ilikuwa ya kwanza na ilikuwa ya kweli. Yuko hai. Nilikaribia kupiga kelele mle ndani.

Kisha nikaona kiasi. Nusu. Nusu ya kile kilichokuwemo siku ile, hadi franga ya mwisho. Hakuibiwa, hakushikiwa bunduki. Mwenye bunduki hachukui nusu. Alikaa chini mahali, na bic, akagawa ndoa yetu mara mbili, akachukua sehemu yake. Tangu hapo hakugusa kitu. Alikuwa ameaga. Ni mimi tu niliyekuwa sijafika dirishani kuagwa.

Etiene daima alikuwa mtu wa haki. Namchukia kwa haki yake hiyo kuliko ningemchukia kwa wizi.

Mama wa dirishani akauliza kwa upole:

“Papa alikuwaka ku Kisangani, kazini?”

“Ndiyo. Kazini.”

“Basi nifunge? Cheti iko sawa, inasema alikufa mwezi uliopita. Nifunge, ao mama anataka kufikiri kwanza?”

Nikafikiri. Si sana. Nilifikiria Papa Deo chini kwenye udongo. Nilifikiria kwamba ningeweza kuondoka na karatasi yangu, kumpigia, kumwambia mdogo wako yuko hai, na akaunti ingebaki wazi, na kitu kilichomo kingebaki cha mwenyewe aliye hai. Wiki nne za daktari zinaisha Alhamisi ijayo.

“Funga, mama.”

Nikasaini mara tatu. Mjane. Mjane. Mjane. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa kamba mezani. Etiene hakufa msituni, wala hakufa siku ya mgomba. Nimemuua mimi, leo, saa tano na nusu asubuhi.

Nje nilikaa ukingoni mwa mfereji mpaka jua likanichoma kichwa.

Ijumaa, 8 Aprili

Kirotshe. Kadi imesoma mara ya kwanza. Malipo yamekamilika, kumebaki kidogo cha dawa. Mama amenitazama, ameona upara, ameona risiti. Ya Kisangani sikumwambia.

Jumanne, 12 Aprili

Wamempasua. Imechukua saa mbili na nusu. Daktari ametoka na kibakuli cha vipande vyeusi, akanionyesha kama mtaalamu kwa mtaalamu. Mguu umebaki. Labda atachechemea. Labda patafunguka tena. Hakuniahidi kitu.

Alasiri, nimelowa jasho, nimelala sakafuni chini ya kitanda chake. Sikuota.

Jumanne, 19 Aprili

Mhasibu amepiga kuuliza kama kadi inafanya kazi. Nimesema inafanya. Akauliza kama sasa nimeridhika kwamba inaweza kuchukua mahali pa akaunti, anaandika ripoti. Nimesema inatosha kwa mtu asiyemngoja mtu. Akacheka, akadhani namtania. Sijui ameandika nini.

Nawaza Kisangani kuliko ninavyotaka. Siku moja atasimama dirishani, na watamwambia mwenye jina hilo alizikwa. Nimejaribu kufurahia picha hiyo. Imenishinda. Nimejaribu kumhurumia. Hilo pia.

Papa Deo naye amepiga. Wamesimamisha msalaba. Anasema tangu siku ile mama yao analala vizuri. Nimemwambia Mungu ashukuriwe.

Jumapili, 24 Aprili

Ziwa mbele ya hospitali limetulia. Neema amekaa bila kushikwa, ameteremsha miguu yote miwili ukingoni mwa kitanda. Homa hakuna.

Katekista wa hospitali alipita wodini kusali na wagonjwa. Akawaambia watoto kila mmoja awaombee marehemu wake. Neema alifumba macho kwa nguvu, kama anavyofanya.

“Papa yangu Etiene, Mungu amupe kupumuzika kwa milele. Na amwambie mimi mutoto yake mguu yangu iko.”

Katekista na watoto walinigeukia niitikie.

Nikasema amina. Kisha nikaleta maji, nikambadilishia bendeji.