Mahali Rangi Zilipopotoka

Mjukuu wangu Mutheu,

Nakusalimia huko ng'ambo. Hapa Kitui tuko salama. Mvua imenyesha kidogo, pojo zimeota, na babu yako bado anagombana na mbuzi wake.

Umeuliza kama ninaielewa kazi yako. Ulieleza kwamba nyutrino ni chembe ndogo inayopenya hata ardhi, na ikisafiri inageuka kati ya aina tatu kwa mpangilio. Sasa unatafuta kama mawimbi ya mvutano, yanayotikisa anga lenyewe, yanaweza kuuvuruga mpangilio huo.

Mama yangu, uliyepewa jina lake, aliugulia Mtito Andei. Nilipanda lori kwenda kumwona, nikiwa na kiondo, kikapu nilichokuwa nimekisuka nusu. Mikono yetu wanawake wa huku haikai bure, kwa hivyo nilisuka njia nzima kwa zamu: nyuzi nyeusi, nyekundu, nyeupe. Sikuhisi kosa lolote, kwa sababu mimi, uzi na lori tulitikisika pamoja. Nilipofika kitandani kwake ndipo nikaona rangi zimepotoka katikati. Kwa aibu nikaanza kufumua.

Mama akanishika mkono.

"Acha. Hapo ndipo barabara ilipokuwa mbaya. Na umefika."

Hakukaa siku nyingi. Kiondo bado ninacho, na sijakigusa pale rangi zilipopotoka.

Kwa hivyo ukipata chembe ambazo mpangilio wake umepotoka, usiseme zimeharibika. Ziangalie polepole, uone njia ilitikisika wapi. Zimetoka mbali, mama, na zimefika.

Ni mimi bibi yako, Susu wako.