Maua Yako ya Kwenye Chupa

Mpendwa dada Odilia,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nashindwa. Nikisikia sauti yako kutoka hospitali huko Mwanza, woga unanishika, nasema nisilotaka kusema.

Unakumbuka siku ulipoyaleta maua hapa nyumbani Keza? Ulishuka kwenye pikipiki kutoka Nyakahura, chupa tano za jemu umezipakata ndani ya kanga, maji yamekulowesha hadi magotini. Mama akakucheka: "Ua halina udongo! Sasa linakula nini hilo, upepo?" Ukamjibu, "Linakunywa, mama. Kunywa nako ni kuishi." Tukacheka wote. Ndipo nilipoona mikono yako ilivyokonda, nikaogopa, nikajifanya naosha vikombe.

Ulinifundisha pale dirishani: maji yabadilishwe kila Jumamosi, jani lisizame, jua kali lisiyafikie. Ukainua chupa ya lile ua la kutambaa, ukanionyesha mizizi myeupe. "Nitunzie mpaka nirudi," ulisema. Tangu hapo naishi kwa hofu. Kila asubuhi, hata kabla ya sala, natazama majani kwanza. Ni ujinga, najua, padri akisikia atanigombeza, lakini moyoni nilikwisha kujiambia kwamba yakisimama, nawe umesimama.

Basi likatokea jani la njano. Nikapagawa! Na sisi tumelelewaje, dada? Mgomba ukidhoofika, samadi. Kahawa ikigoma, samadi. Nikakimbia zizini, nikatia samadi kidogo kwenye chupa. Zote tano, ole wangu! Siku ya tatu chumba kilinuka, mizizi imekuwa myeusi, inateleza kama mlenda. Nilimwaga, nikasuuza, nikatia maji mapya ya kisimani huku nalia. Halikupona hata moja. Mama akachukua jembe akaenda shamba, na mvua ilikuwa inanyesha.

Wiki ya tatu sasa unaniuliza, "Maua yangu hayajambo?" Nami nakujibu haraka haraka, nimechangamka kupita kiasi: "Yanaendelea vizuri tu, wala usiwe na wasiwasi." Kisha nakuuliza habari zako. Nawe unajibu haraka haraka, umechangamka kupita kiasi: "Naendelea vizuri tu, mdogo wangu, wala usiwe na wasiwasi."

Jana nilipokata simu nilikaa chini. Uchangamfu ule naujua, dada. Ndio ninaokudanganyia.

Barua hii nampa shemeji, anakuja huko Alhamisi. Mimi nimesema kweli: maua yamekufa, nami ndiye niliyeyaua. Nisamehe, au nigombeze, vyote nitapokea. Lakini ukishasoma nipigie, uniambie daktari alisema nini, neno kwa neno. Kama ni baya, liseme hivyo hivyo lilivyo. Nitapanda gari siku hiyo hiyo nije nikae na wewe, tuogope pamoja.

Mimi mdogo wako, mwoga wako,
Leokadia