Jina la Kuandika Kwenye Jiwe Lako

Baba,

Naandika nikiwa maktaba ya mjini, kwenye meza yetu ya dirishani. Kiti chako nimekiwekea begi ili mtu asikae. Nimekuamkia kimoyomoyo, maana hapa ukinong'ona tu watu wanageuka, na unanijua mie.

Nakuandikia Kiswahili. Usicheke. Mtaa wetu mzima wa Ladywood, huku kwa Waingereza, ulikuwa Mzungu peke yako anayemwita binti yake kutoka chini ya ngazi kwa Kiswahili cha Unguja, na binti mwenyewe, aliyesoma skuli huko mpaka darasa la nne, anakujibu kwa Kiingereza, tena kwa mkato. Hukuwahi kuniuliza kwa nini. Nakwambia leo. Mwaka ule nilioanza sekondari ulinifuata kituo cha basi na koti nililolisahau, ukaniita, "Mwanangu, utaganda na baridi hii." Wasichana wa darasa langu walicheka mpaka basi likafika. Jioni ile nikaanza kukujibu Kiingereza. Miaka minne, Baba. Na wewe hukuacha hata siku moja kunisemesha.

Basi nikupe habari za nyumbani. Mama anafanya kazi zamu mbili kule kwa wazee anaowatunza Edgbaston. Nikirudi skuli hakuna mtu. Nawasha redio ya jikoni ili nisikie watu wakiongea. Viatu vyako vya kazi bado viko mlangoni, Mama anavifuta vumbi na kuvirudisha palepale. Lifti ya jengo letu iliharibika tena, akaja fundi kijana, akahangaika nayo siku mbili. Wewe ungeimaliza kabla chai haijapoa. Ndani bado imebandikwa kadi ya ukaguzi, na saini yako, A. Thirkell. Nikiwa peke yangu humo naigusa. Akiingia mtu najifanya natazama simu.

Hilo jina ndilo lililonileta.

Daftari lako la kijani ninalo mimi. Unakumbuka lilivyoanza? Tulipokwenda Unguja mara ya mwisho, kila baraza tuliyopita watu walikuuliza, wewe mtoto wa nani, babu yako nani, watu wa wapi. Wenzako wanataja mababu sita bila kuvuta pumzi. Wewe ulimtaja Babu Raymond, halafu babake, halafu ukakwama. Bibi akakuonea huruma, akakuongezea samaki. Tuliporudi ukanunua daftari.

Kila Jumamosi asubuhi tulikaa hapa. Ulidhani napenda historia. Ukweli nilikuja kwa sababu sikuwa na rafiki wa kwenda naye kwengine. Ukawafuata akina Thirkell kwenye vitabu vya ubatizo vya kanisa moja la kijijini Lincolnshire, baba kwa baba, mpaka wino ukafifia. Zaidi ya hapo vitabu vikasema jina hili huenda lililetwa na watu wa Skandinavia, waliokuja kwa bahari zaidi ya miaka elfu iliyopita. Thorkell. Nusu ya jina ni Thor, mungu wao wa radi, na nusu nyingine ni sufuria. Ulimsomea Mama kwa fahari kabisa. Mama akaendelea kukuna nazi, akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nimeolewa na sufuria." Tangu siku ile ukawa Bwana Sufuria, mpaka kwenye simu na Bibi.

Wewe lakini ulikuwa mwangalifu. Kila ukurasa umeandika "huenda" na kuipigia mstari.

Sasa nije kwenye kosa langu. Siku ya maziko nyumba ilijaa. Mjomba Seif ndiye aliyeshughulikia kila kitu, Mungu amlipe, hata mtu wa kukuosha alimtafuta yeye. Alikaa sebuleni na kalamu, anajaza karatasi ya kibao cha kaburi, akauliza, "Ali bin nani?" Mzee mmoja akamjibu aandike bin Abdallah, waliosilimu wote huandikwa hivyo. Mjomba akatazama watu, akauliza kama kuna anayejua zaidi.

Mie nilikuwa nimesimama pale, nimeshika sinia la chai. Nilijua. Nilimjua Raymond, nilimjua babake, niliwajua wote mpaka wino ulipofifia. Mama alikuwa chumbani, hajiwezi. Hakuna mwengine aliyejua. Nikaangalia vikombe. Nikasikia kalamu ikiandika.

Ulizikwa chini ya kibao cha Ali bin Abdallah. Kila nilipokuja kukuzuru nilihisi namsalimia mtu mwengine.

Wiki iliyopita Mjomba alipiga simu kusema udongo umetulia, Jumatatu anakwenda kuagiza jiwe. Jiwe halifutwi. Jumamosi nikaja hapa, nilikuwa sijakanyaga tangu uondoke. Yule mama wa Kihindi mzaliwa wa Nairobi, aliyekuwa akikuhifadhia vitabu hapa maktaba, akaniuliza, "Leo baba hakuja?" Ikabidi nimwambie. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo wangu. Aliinama chini ya meza, nikadhani analia, akainuka na kitabu ulichokiagiza. Kilikuwa kinakusubiri tangu Februari.

Nimekisoma chote. Sitakuficha, hakikusaidii sana. Kinasema baada ya wale watu kuhamia, Waingereza nao waliyapenda majina yao, wakawaita watoto wao hivyohivyo. Kwa hiyo Thorkell wetu huenda alishuka chomboni, na huenda alikuwa mkulima wa palepale ambaye mamake alilipenda jina la jirani. Nimeandika kwenye daftari, chini ya mwandiko wako. Nimepiga mstari.

Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja, Baba. Wale watu hawakuwa na majina ya ukoo. Mtoto aliitwa kwa jina la babake. Mwana wa Thorkell. Binti wa Thorkell. Sawasawa na barazani Unguja. Huenda ukoo wetu wote ulianza kwa mtu mmoja kuulizwa wewe mtoto wa nani, akajibu.

Nikapanda basi mpaka Winson Green kwa Mjomba, daftari kifuani. Njiani nilirudia maneno kama mtu anayekwenda kwenye mtihani, na alipofungua mlango yakapotea yote. Nikamwonyesha tu ukurasa wa kwanza, jina la Raymond. Nikasema, "Mjomba, baba alikuwa na babake."

Akasoma muda mrefu. Akaniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia nilikuwa nimeshika sinia.

Hakunicheka. Alisema wao walidhani wanakustahi. Kisha akafika kwenye Thor, akavua miwani. Akataka kujua kama tunataka kumwekea Muislamu sanamu kaburini. Nikamwambia hakuna aliyemuomba huyo tangu enzi hizo, na wewe hukumtafuta Thor, ulimtafuta baba wa babako. Akafikiri, akasema, "Thor kafa, sufuria imebaki." Tukacheka wote wawili, halafu yeye akatoka kwenda kutia udhu, akakaa huko sana.

Jumatatu tulikwenda pamoja. Fundi wa mawe aliniuliza mimi, si Mjomba. Nikaliandika kwa mkono wangu, herufi kubwa: Alan Ali bin Raymond Thirkell. Mama alipoliona kwenye karatasi alilishika kwa kidole, herufi moja moja. Akasema, "Ndiye huyu."

Jiwe litakuwa tayari mwezi ujao. Nitakuja kukusomea mwenyewe, kwa sauti, hata pakiwa na watu. Majira ya joto nitakwenda Lincolnshire kwenye lile kanisa ulilosema tutakwenda. Nitakwenda peke yangu, nitawaambia waliolala pale kuwa umefika salama na hukuwakana.

Wanafunga sasa, lazima nikiachie kiti chako. Nenda kwa amani, Bwana Sufuria wetu. Mungu akupe kauli thabiti, na ukiulizwa u mtoto wa nani, usikwame.

Na siku utakayoniita tena, popote itakapokuwa, hutanisikia nikijibu kwa mkato.

Abee, Baba.

Rahma binti Alan